Ekseli Iliyoganda: Nimvumilie Mpaka Lini?



Mpendwa kijana mwenzangu, leo tutafakari swali ambalo wengi wetu tunalo moyoni hata kama hatulisemi kwa sauti: huyu mtu nimvumilie mpaka lini? Labda ni baba anayekunywa mshahara wote. Labda ni rafiki aliyekopa hela na sasa ukipiga simu hapokei. Labda ni mwenzetu kwenye kikundi ambaye kila mwezi anaomba msamaha, na kila mwezi anarudia yale yale.

Kwenye vikao vyetu vya vijana huwa nasikia majibu mawili. La kwanza: "Tumemvumilia sana, sasa atoke!" La pili: "Sisi tusali tu, Mungu atambadilisha." Kila upande una mstari wake wa Biblia. Wa kwanza watakukumbusha Bwana Yesu akiwafukuza wafanyabiashara hekaluni kwa kikoto cha kamba. Wa pili watakwambia habari za ngano na magugu, kwamba viachwe vikue pamoja hadi mavuno. Sasa kijana ashike lipi?

Mimi ni fundi wa pikipiki na maguta hapa Singida. Sijasoma teolojia zaidi ya semina za VIWAWA na vitabu ninavyoazima kwa paroko. Lakini kuna kazi moja ya gereji ambayo imenisaidia sana kulifikiria swali hili, nayo ni kutoa ekseli ya nyuma iliyoganda.

1. Kuganda kunatoka wapi?

Mji wetu umekaa kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Ni mazuri kuyatazama, hasa heroe wakiwepo. Ila kwa chuma yale maji si rafiki. Mtu akiosha guta lake kando ya ziwa, anaondoka linang'aa huku chumvi imebaki kwenye mianya. Ongeza matope ya mbuga wakati wa mvua, kisha miezi ya kiangazi vumbi linapokaukia pale pale.

Kutu ni chuma kilichokutana na maji na hewa, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Watu wengi hawajui kwamba kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Yaani chuma kikioza, kinanenepa. Sasa kati ya ekseli na beringi yake, au kati ya meno ya ekseli na dramu ya breki, nafasi ni nyembamba sana. Kutu ikizaliwa mle haina pa kwenda, basi inabana pande zote mbili. Ndiyo maana ekseli iliyoingia kwa mkono siku ilipofungwa, miaka miwili baadaye haitoki hata kwa wanaume watatu.

Nimeanza na hili kwa sababu tunapomtazama mtu aliyekwama, tunadhani aliamua kukwama siku moja. Mara nyingi sivyo. Ni tone leo, tone kesho. Uongo mdogo wa kuficha aibu, halafu uongo mwingine wa kuuficha ule wa kwanza. Hakuna siku aliyoamka akasema, "Leo nakuwa mwizi." Hilo halimwondolei kosa, maana kila tone alilikubali. Lakini linatuonya kwamba kilichoingia taratibu hakitoki kwa kelele.

2. Guta la kikundi

Kikundi chetu kilinunua guta la mota, lile la magurudumu matatu lenye karo nyuma, ili tubebe alizeti wakati wa mavuno, na matofali na maji miezi mingine. Dereva alikuwa mwenzetu, kijana mpole, anayeimba vizuri. Miezi mitatu akawa analeta hesabu pungufu. Leo tairi, kesho trafiki, keshokutwa mama anaumwa. Halafu mama mmoja mjane wa jumuiya yetu akampa magunia sita ya alizeti ayafikishe kwenye mashine ya kukamua na amletee hela yake. Hela ilifika nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa ada ya mtoto.

Wiki hiyo hiyo guta likaletwa kwangu likiburuta gurudumu la nyuma kushoto. Beringi imekufa, na ili uibadilishe lazima ekseli itoke. Ekseli ilikuwa imeganda kabisa. Ikawa viongozi wamekuja kuangalia guta, na kikao kikafanyika pale pale, guta likiwa juu ya jeki na magogo.

Mwenyekiti akasema, "Fundi, si upige nyundo tu? Mbona tunapoteza siku?" Na kuhusu dereva akasema, "Na yeye tumtangaze Jumapili baada ya matangazo ya ndoa. Aibu itamfundisha."

Mama mlezi wetu akatikisa kichwa. "Wanangu, msimwaibishe mtoto wa watu. Mwacheni, Mungu ana muda wake."

Wote wawili nawaheshimu. Ila nilijua kwamba kwa ekseli ile, hakuna hata mmoja ambaye ushauri wake ungeitoa.

3. Nyundo, mafuta, moto

Tuanze na nyundo. Ukiipiga ekseli kichwani moja kwa moja kwa nyundo kubwa, kile kichwa kinavimba na nyuzi za nati zinajifunga. Baada ya hapo hata kutu ikilegea, ekseli haitapita tena kwenye tundu lake, kwa sababu wewe mwenyewe umeinenepesha. Na kishindo kinapita kwenye gololi za beringi na kutia mashimo kwenye njia zake. Beringi nzima ya pembeni nayo inaharibika. Nimewahi kupokea chombo kilichopitia mikono ya namna hiyo. Mteja alikuja na tatizo la beringi moja, akaondoka na bili ya ekseli nzima.

Fundi anayejua kazi anarudisha nati kwanza, inakaa sawa na ncha ya ekseli ili ilinde nyuzi. Anaweka kipande cha mti mgumu au shaba kati ya nyundo na chuma. Anagonga mara nyingi kwa kiasi, na anajizuia kupiga lile pigo moja la hasira.

Halafu mafuta. Kwanza unasugua kutu ya nje kwa brashi ya waya, unamimina mafuta mepesi yanayopenya, unagonga kidogo ili mtikisiko uyafungulie njia, unaacha. Jioni unarudia. Kesho asubuhi unarudia. Mtu akipita anaona guta limekaa tu, anadhani fundi kalala. Kumbe mafuta yanatambaa mle ndani ambamo hakuna mkono unaoweza kufika. Lakini sikiliza: ekseli iliyoachwa siku tatu bila mafuta, siku ya nne imeganda vile vile, au zaidi. Muda peke yake haufungui kitu. Muda ndio ulioleta ile kutu.

Mwisho ni moto, mafuta yakishakaa hayajalegeza. Unaondoa kila kinachoweza kushika moto, unasogeza tangi la petroli mbali kabisa, unafuta mafuta uliyomimina, kisha unapasha kile kilichozunguka ekseli na si ekseli yenyewe. Cha nje kikipata joto kinatanuka kuliko cha ndani, na ule mshiko wa kutu unapasuka. Ni dawa kali, ina gharama yake. Sili ya oili iliyo karibu itaungua, grisi itayeyuka, na chuma kilichokomazwa kikizidishiwa joto kinapoteza ugumu wake. Kwa hiyo unatumia moto ukijua utapoteza nini, na unawasha palipo lazima tu.

Ekseli ile ilitoka siku ya tatu, jioni, kwa mafuta, kugonga na moto kidogo. Beringi haikupona. Tuliweka mpya.

4. Lakini binadamu si ekseli

Hapa ndipo tuwe makini, kijana mwenzangu. Ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya kwa mfano mtamu. Ekseli haina uamuzi. Nikifuata hatua zote vizuri, itatoka. Binadamu unaweza kumfanyia yote hayo na akabaki alivyo, kwa sababu Mungu amempa uhuru, na mlango wa moyo komeo lake liko ndani.

Kanisa lenyewe limepitia swali hili. Mtakatifu Augustino, akiwa askofu kule Hippo, Afrika ya Kaskazini, alikabiliana na Wadonatisti waliojitenga na Kanisa. Mwanzoni alishikilia kwamba mtu asilazimishwe, bali ashawishiwe kwa hoja. Baadaye akabadili mawazo. Katika Barua yake ya 93, iliyoandikwa mnamo mwaka 408, anaeleza kwamba aliona watu, hata wa mji wake wa kuzaliwa, Tagaste, wakirudi kwa kuogopa sheria za Kaisari, na baadaye wakashukuru. Hoja yake si ya kipuuzi. Kuna mtu anashtushwa na hofu ndipo anaanza kufikiri.

Ila hoja hiyo ilikuja kutumiwa karne na karne kuhalalisha mambo ambayo leo yanatuhuzunisha. Na tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika Tamko juu ya Uhuru wa Dini, Dignitatis Humanae, ukafundisha wazi kwamba katika mambo ya dini mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Ukweli unaingia kwa nguvu ya ukweli wenyewe.

Mimi navutiwa zaidi na nyumbani kwake Augustino kuliko barua yake. Unakumbuka mama yake, Mtakatifu Monika? Tunamsimulia kama mama wa machozi tu. Lakini Augustino anatuambia katika Maungamo kwamba alipojiunga na Wamanikei, mama yake alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja. Monika aliweka mpaka! Ni baada ya ndoto iliyomfariji ndipo akamruhusu tena mezani. Kisha akamfuata askofu mmoja akimwomba aende akabishane na mwanae, na yule askofu akakataa: kijana bado ana kiburi, haambiliki kwa sasa, aachwe, mama aendelee kusali. Ilipita zaidi ya miaka kumi tangu kijana ajiunge na Wamanikei hadi alipobatizwa na Mtakatifu Ambrosi huko Milano, Pasaka ya mwaka 387.

Ona sasa: Monika alifunga mlango wa chumba chake, lakini moyo wa mwanae hakujaribu kuuvunja. Alichokuwa na haki ya kukizuia, alikizuia. Alichokuwa hana uwezo nacho, alikikabidhi kwa Mungu, na hakuacha kukililia.

5. Uvumilivu wa mfuko wa nani?

Nikirudi kwenye swali letu, nadhani kosa la kikao chetu lilikuwa kuchanganya vitu viwili. Kuna kuzuia madhara, na kuna kuugeuza moyo. Kwenye kuzuia madhara, nguvu inaruhusiwa, na wakati mwingine ni wajibu. Kwenye kuugeuza moyo, nguvu haina kazi.

Mama mlezi alisema tumvumilie. Sawa, lakini hela iliyopotea haikuwa ya mama mlezi, wala yangu. Ilikuwa ya mjane. Mimi naweza kusamehe shilingi zangu mara sabini mara saba. Siwezi kuvumilia kwa kutumia mfuko wa mwenzangu. Huo ni ukarimu wa kualika wageni kwa jirani. Kila unaposikia neno "vumilia", uliza kwanza: anayelipa gharama ya uvumilivu huu ni nani?

Na hili nalisema kwa dada zangu hasa. Kama kuna mtu anakupiga nyumbani, au anakugusa usivyotaka, na watu wanakwambia "vumilia, ni msalaba wako", jua hiyo siyo fadhila ya uvumilivu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba uvumilivu ni sehemu ya ushujaa, na unailinda nafsi isivunjwe na huzuni. Haujawahi kuwa ruhusa ya kuvunjwa mifupa. Ondoka, mwambie mtu mzima unayemwamini, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Msamaha unaweza kuja baadaye, ukiwa salama.

Kwa upande wa mwenyekiti, ni kweli kabisa kwamba hatua zilihitajika. Lakini kumtangaza mbele ya parokia kungekuwa nyundo ya kichwani. Bwana Yesu ametupa utaratibu kwenye Mathayo 18:15-17: kwanza wewe na yeye peke yenu, halafu mmoja au wawili pamoja nawe, na kanisa ndilo la mwisho. Sisi tulitaka kuanzia mwisho. Mtu akishaaibishwa hadharani huvimba pale alipopigwa. Anaanza kujitetea, anatafuta wenzake, na hata akitaka kurudi, ule mlango aliotokea haumtoshi tena.

Tomaso huyo huyo anasema tendo kuu la ushujaa ni kustahimili, na kwamba ni gumu kuliko kushambulia. Anayeshambulia anajiona ana nguvu, tena hasira inambeba, na jambo linaisha haraka. Anayestahimili yuko ndani ya maumivu, na muda unapita. Hebu jiulize kwa nini kumtumia mtu meseji kali saa nne usiku ni rahisi, lakini kwenda kukaa naye kwenye kigoda nyumbani kwake ni kazi!

6. Tulichofanya

Tulikubaliana hivi. Funguo za guta zilirudishwa kwa mweka hazina siku ile ile; hilo halikuwa la kujadili. Kikundi kikamlipa yule mama hela yake yote kwanza, maana mtoto alikuwa anasubiri ada. Kisha watu watatu, mwenyekiti akiwa mmoja wao, tukaenda kwa dereva jioni. Bila simu za kurekodi, bila kuwaambia majirani.

Alitukatalia kila kitu kwa nusu saa. Mwenyekiti akamwambia, "Mdogo wangu, hatujaja kukufunga. Hela ya mama tumeshalipa. Sasa deni lako liko kwetu." Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Kaka, nilikuwa nacheza kamari kwenye simu." Ndiyo ilikuwa kutu yenyewe.

Sitakudanganya kwamba mambo yameisha vizuri. Analipa kidogo kidogo, na kuna miezi hajalipa. Kwenye jumuiya hajarudi. Kwaya hajarudi. Mama mlezi humpitia nyumbani kila baada ya wiki mbili, anakaa naye, wanaongea habari za mvua na mahindi, anaondoka. Wengine wanasema anapoteza muda. Mimi nikimwona namkumbuka yule mtunza shamba wa Luka 13:6-9, aliyeomba mti usiozaa uachwe mwaka mmoja tena. Hakuomba mti ukae tu. Aliomba apewe nafasi ya kupalilia na kutia samadi. Na alikubali kwamba mwaka ukiisha bila tunda, kuna uamuzi. Kwenye mfano ule hatuambiwi kama mti ulizaa.

7. Usirudishe kavu

Jambo la mwisho, nalo ni letu sote. Ekseli ikishatoka, kazi haijaisha. Unaisugua kwa msasa mpaka kutu yote itoke, unafuta, unapaka grisi mahali pote inapokaa, ndipo unarudisha. Fundi akiirudisha kavu, inaingia vizuri, chombo kinatembea, mteja anafurahi. Masika mawili baadaye imeganda tena, na safari hii zaidi.

Vijana wengi tunapata toba kubwa kwenye mafungo na mikesha. Tunalia, tunatupa simu, tunafuta namba. Halafu tunarudi nyumbani wakavu. Hakuna Kitubio cha mara kwa mara, hakuna mtu mmoja tunayemwambia ukweli kila wiki, hakuna sala ya asubuhi hata ya dakika tano. Mambo haya ni madogo na hayana ushuhuda wa kusimulia. Ni grisi tu. Lakini chumvi na matope vitakuja, hilo halina shaka, na kinachosubiriwa ni kuona vitakuta nini pale ndani.

Maswali ya kujitafakari wiki hii:

- Ni nani ninayesema "namvumilia" wakati kwa kweli nimemwacha tu? Tone gani la mafuta naweza kumpelekea?
- Uvumilivu wangu unamgharimu nani? Kuna mtu dhaifu anayelipa badala yangu?
- Nimewahi kutaka kumtangaza mtu kabla sijakaa naye? Nilitaka apone, au nilitaka nishinde?
- Ndani yangu, ni wapi pameanza kubana?

Tusali: Ee Bwana, wewe unayejua kila kilichoganda ndani yetu, tupe ujasiri wa kumlinda anayeumizwa, na upole wa kutomvunja anayekosa. Tufundishe kutofautisha kungoja na kulala. Na pale mikono yetu isipofika, ufike wewe. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Monika, utuombee. Mtakatifu Yosefu mfanyakazi, utuombee.